Kabla ya Kumuuliza Aliripoti Wapi

   Neno la leo ni zito. Mwenye watoto wadogo karibu na redio awatume dukani kwanza. Ninasubiri.

Siku za bamvua, maji yanapokimbia mbali na mwamba ukabaki wazi, sisi wanawake wa Sudi tunashuka kuchokoa pweza. Bamvua lililopita nilishuka na mwenzangu mmoja. Simtaji jina, wala mtaa wake sitautaja. Ujanani aliwahi kuvaa gwanda. Jeshi gani, nchi gani, mwaka gani, hayo ni yake, siyo ya redio. Tulikuwa tunarudi, kila mmoja na pweza wake kwenye kijiti, jua limeshapanda, nami nikamtania kuhusu raba zake kuukuu asizozivua hata kwenye maji. Akasema, "Dada, mimi hata kulala nalala na viatu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba usiku mmoja kule kambini waliingia wakamkuta peku, akashindwa kukimbia. Kwa hiyo tangu usiku ule halali peku. Mumewe wa kwanza alimwacha kwa sababu hiyo, alidhani mke ana wazimu au ana jini. Tulitembea kimya mpaka kwenye mikoko. Pale akasimama, akaniuliza swali moja tu: "Kwani kuna ofisi mtu anaweza kwenda kusema jambo kama hili, miaka ishirini ikishapita?"

Nilimjibu kwamba Mungu yupo. Ninaona haya hadi leo, kwa sababu mwenzangu anamjua Mungu kuliko mimi na hakuniuliza habari zake. Aliniuliza ofisi. Mazungumzo ya leo ni jibu nililopaswa kumpa pale mikokoni.

Tuanze na jambo lenyewe. Kubakwa ni kubakwa, mahali popote. Lakini jeshini kuna kitu kinachoongezeka, na asiyekiona hawezi kumsaidia aliyepatwa. Mtu akivunjiwa heshima mtaani kwetu, atakimbilia kwa shangazi yake, atahama nyumba, au atapanda gari aende zake Dar es Salaam. Kuruta haendi popote. Aliyemtenda huenda ndiye anayempangia lindo, ndiye anayesaini ruhusa yake, na kesho asubuhi kuruta huyo atampigia saluti. Ikiwa ni vitani, huyo huyo ndiye anayemlinda mgongo. Akisema, ameivunja kombania. Akinyamaza, anakula naye sahani moja. Wengi wananyamaza, wanamaliza mkataba, wanarudi nyumbani na cheti cha utumishi mwema, na sisi tunawapokea kwa ngoma.

Ghuba yetu hii inajua habari za vita. Machi 1916 meli ya Wajerumani iliyoitwa Marie ilipenya kizuizi cha Waingereza ikaingia hapa Sudi na silaha na risasi. Mwezi uliofuata manowari za Waingereza zikaja kuipiga, lakini ikapata upenyo ikatoka. Shehena ilikwishateremshwa, na ilipelekwa bara vichwani mwa watu. Habari za meli ile na mizinga yake zimeandikwa vizuri. Kilichoandikwa kidogo ni kwamba misafara ya askari wa Kijerumani ilifuatana na wanawake. Wengine walikuwa wake za askari kweli, wamefuata waume zao. Wengine walichukuliwa vijijini jinsi unavyochukua mbuzi, wakapewa askari, wakapika, wakabeba, wakazaa njiani. Vita vilipopita Mahiwa mwaka 1917 na kuvuka Ruvuma, walikuwamo. Hao hawakuwa na namba ya jeshi. Kwa hiyo hakuna aliyeweza hata kuwaita wastaafu.

Miaka hamsini baadaye, mkoa wetu huu huu wa Lindi, pale Nachingwea, wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walianza mwaka 1967 kuwafundisha silaha wasichana wao, wakaunda Kikosi cha Wanawake. Hao walipata bunduki, na walipata jina. Wazee wa Nachingwea wanaowakumbuka wakipita na gwaride bado wako hai. Nawataja ili asije mtu akaniambia kwamba mwanamke na jeshi ni habari ya Wazungu. Ni habari ya hapa, tena ni habari ya fahari. Na kwa sababu ni ya fahari, imekuwa vigumu kuuliza nani aliumizwa na wenzake ndani yake. Nchini Zimbabwe, mwaka 1996, Ingrid Sinclair alitengeneza filamu iitwayo Flame, kuhusu wasichana waliokwenda msituni kupigania uhuru, na ndani yake kamanda anambaka mpiganaji wake. Baadhi ya wapiganaji wa zamani walikuja juu, na polisi wakazikamata picha kabla filamu haijakamilika. Walioipinga walisema inachafua ukombozi. Mimi naielewa hasira yao, maana walizika wenzao kule. Lakini msichana aliyeumizwa naye alikuwa mkombozi, na heshima ya vita vile ni yake pia.

Sasa njoo kwa jirani zetu wa Kongo, wilaya ya Ituri, miaka ya 2002 na 2003. Kundi la UPC lilikuwa na jeshi lake, na naibu mkuu wa jeshi hilo alikuwa Bosco Ntaganda. Ndani ya jeshi hilo walikuwamo wasichana, wengine hawajatimiza miaka kumi na mitano. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ilisikia mashahidi wakieleza kwamba wasichana hao walikuwa na jina lao kambini. Waliitwa guduria.

Msikilizaji, hilo ni neno la Kiswahili. Bibi zetu wa pwani waliita hivyo mtungi wa maji. Huko Ituri lilikuwa sufuria kubwa la askari, kila mmoja anapakua humo. Nilipolisoma neno hilo niliifunga karatasi, nikaenda kukaa uani. Wakati mwingine tunadhani lugha yetu haina neno la jambo hili. Kumbe lilikuwepo, ila walilitoa watendaji.

Kesi iliyotangulia, ya Thomas Lubanga, bosi wa kundi hilo hilo, ilitolewa hukumu mwaka 2012, kwa kosa la kuwaingiza watoto jeshini. Ubakaji haukuwamo kwenye mashtaka, ingawa mashahidi waliutaja. Kwa Ntaganda waendesha mashtaka waliuingiza. Mawakili wake wakajitetea kwa hoja ambayo kwa mtu wa kawaida inashangaza, ila kwa wanasheria ilikuwa na mashiko: sheria za vita zinamlinda raia, zinamlinda na mateka wa upande wa adui, lakini hazimlindi askari dhidi ya askari mwenzake. Kwamba huyo binti, kwa kuwa alikuwa wa jeshi lao, sheria hiyo haimhusu. Januari 2017 majaji waliikataa hoja hiyo, na Juni mwaka huo huo majaji wa rufaa wakaikataa tena. Kubaka hakuwezi kumsaidia mtu kushinda vita, na hakuna hali inayokuhalalisha, awe aliyebakwa ni adui, raia, au mwenzako wa kikosi. Julai 2019 Ntaganda alitiwa hatiani kwa mashtaka yote 18, akafungwa miaka 30.

Uamuzi huo nauona kuwa mkubwa kuliko kifungo chenyewe. Kwa mara ya kwanza mahakama ya dunia ilimwambia askari aliyeumizwa na wenzake: wewe nawe ni mhanga. Mwaka 2021 ikaamuriwa fidia, na kiasi kilichopangwa baada ya rufaa, mwaka 2023, kilizidi dola milioni 30, kwa ajili ya matibabu, ushauri nasaha na kuwainua kimaisha wahanga, wakiwemo waliokuwa watoto wa jeshini na watoto waliozaliwa kwa kubakwa. Hesabu mwenyewe, kutoka 2002 mpaka 2023. Mwenzangu aliniuliza kuhusu miaka ishirini. Kule Ituri imechukua ishirini na moja, na bado ikafika.

Lakini mahakama ni mlango mmoja, tena ni mlango wa mbali. Mtu asiyelala usiku anahitaji kitu cha leo.

Nitakupeleka Marekani kidogo, na nina sababu. Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianza mpango wa kuandikisha wageni wanaojua lugha ambazo lilizihitaji, Kiswahili kikiwa mojawapo, na uraia ukawa ndio zawadi. Mpango ulisimamishwa mwaka 2016, lakini walioingia waliingia. Kwa hiyo wapo leo wastaafu wa jeshi la Marekani ambao mama zao wanawapigia simu kwa Kiswahili. Kama mwanao ni mmoja wao na tangu atoke jeshini hapokei simu, sikiliza hapa.

Idara ya Maveterani ya Marekani ina huduma maalumu kwa mtu aliyebakwa au kusumbuliwa kingono akiwa jeshini. Sheria ilianza mwaka 1992 kwa wanawake, baada ya miaka miwili ikafunguliwa kwa wanaume pia. Kila hospitali kuu ya idara hiyo ina mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo, ukifika unamuulizia. Matibabu ya maradhi yanayotokana na jambo hilo, ya mwili na ya akili, ni bure. Na hapa ndipo penye kiini cha ninayoyasema leo: haulizwi aliripoti wapi. Haombwi barua ya kamanda wala karatasi ya polisi, na hata kama hakuwahi kumwambia mtu kwa miaka thelathini, anatibiwa. Akitaka mhudumu mwanamke apewe mwanamke, akitaka mwanamume apewe mwanamume.

Kitu cha pili walichofanya ni kuuliza. Kila mstaafu anayeingia kwenye huduma zao za afya anaulizwa, awe mwanamke au mwanamume, kama jambo hili lilimpata. Hawakungoja ajitokeze. Na kwa kuwa waliuliza, wakajibiwa: kati ya wanawake, mmoja kwa kila watatu alisema ndiyo, kati ya wanaume, mmoja kwa kila hamsini. Wanaume jeshini ni wengi mno, kwa hiyo huyo mmoja kwa hamsini, ukimkusanya na wenzake, ni umati mkubwa.

Simsifii Mmarekani kupita kiasi. Matibabu ni bure, lakini malipo ya ulemavu ni habari nyingine, hayo yanataka ushahidi. Tangu 2002 kanuni inakubali ushahidi wa pembeni: barua uliyomwandikia dada yako, askari uliyemsimulia, maombi ya kuhamishwa kikosi ghafla, kazi iliyoharibika baada ya tarehe fulani. Kanuni ni nzuri. Ila mwaka 2018 mkaguzi mkuu wa idara hiyo alikuta kwamba karibu nusu ya madai yaliyokataliwa hayakushughulikiwa inavyotakiwa. Ina maana askari alikusanya ujasiri akafungua kinywa, na karani akafunga jalada. Nadhani hilo linauma pengine kuliko kimya.

Kanada nao, baada ya ripoti ya mwaka 2015 iliyotikisa jeshi lao, walianzisha kituo cha kuwasikiliza waathirika nje ya mnyororo wa amri. Anayepokea simu yako hapigi saluti kwa yeyote. Mwaka 2019 serikali ikakubali kulipa hadi dola za Kanada milioni 900 kumaliza kesi walizofungua askari na waliokuwa askari.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya wazee wangu hawatapenda kulisikia. Wanaume nao hubakwa. Kampala, chini ya shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Makerere, kuna shirika la Refugee Law Project. Kwa miaka mingi limewapokea wakimbizi wanaume, wengi Wakongo wanaoongea Kiswahili kama mimi na wewe, waliofanyiwa hayo vitani. Wanaume hao waliunda chama chao, wakakiita Men of Hope, wanaume wenye tumaini. Walikutana, wakatazamana, kila mmoja akagundua hayuko peke yake. Kabla ya hapo wengi walikuwa wamekwenda hospitali wakasema wanaumwa mgongo.

Na mgongo ndio tutakaousikia na sisi hapa kwa muda mrefu, kwa sababu sheria yetu inamfunga mwanamume kinywa. Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inaeleza kubaka kuwa ni kosa analotendewa mwanamke au msichana. Mwanamume akiingiliwa kwa nguvu, jambo lake mara nyingi linaangukia kifungu cha 154, cha kuingiliana kinyume cha maumbile, na kifungu hicho kinamgusa pia yule anayeruhusu kufanyiwa. Fikiria kijana ametoka kambini, ameumizwa. Anakwenda kituoni kushtaki, na njiani anajiuliza kama hatarudi akiwa mshtakiwa. Atakwenda? Mimi nisingekwenda.

Haya, turudi nyumbani. Mwaka 2013 mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa wanaomaliza kidato cha sita yalirejeshwa, na kila mwaka baada ya mitihani majina yanatoka, na familia za pwani hii zinafunga mabegi. Ninapenda JKT, msinielewe vibaya. Ilianzishwa 1963 kujenga vijana na imewajenga wengi. Ila nimewaona wazazi wakimwandalia binti shuka, ndoo, sabuni, dua, na hakuna anayemwambia: likikupata jambo la namna hii, mwambie fulani, namba yake hii hapa. Tunaogopa kwamba kulisema ni kumtabiria. Tunaposafiri na jahazi tunabeba kata ya kufulia maji, na hatujioni tumelitabiria jahazi kuzama.

Nchi yetu ina vitu vya kuanzia. Yapo madawati ya jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi. Vipo vituo vya mkono kwa mkono katika baadhi ya hospitali, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakutana na mtu mmoja mahali pamoja, asizungushwe. Kwa jambo lililotokea jana au juzi, kumbuka saa 72: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa hizo, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Wengi wetu tunaamini kwamba bila PF3, ile fomu ya polisi, hakuna kutibiwa, tunakaa benchi la polisi saa zinakwenda. Nenda hospitali kwanza. Fomu itafuata.

Hivyo vyote vinamfaa aliyeumizwa juzi. Aliyeumizwa miaka ishirini iliyopita, hana jeraha la kupimwa, hana shahidi, na aliyemtenda huenda keshazikwa. Kwenye dawati ataulizwa tarehe na jina la mtuhumiwa, na mwenzangu hakuja kutafuta mtuhumiwa. Anataka kulala peku. Ninachokitaka mimi, na nakisema hapa hadharani, ni kwamba askari yeyote mstaafu anapokwenda kupimwa presha au sukari, aulizwe faraghani na mtu aliyefundishwa: je, ukiwa kazini uliwahi kuguswa bila ridhaa yako? Swali moja. Akisema ndiyo, aongozwe kwenye matibabu siku hiyo hiyo, jalada lisifunguliwe mpaka mwenyewe atake. Na anayeuliza asiwe mtu wa kambi ile.

Sisi watu wa kusini hatuhitaji kufundishwa jambo hili kutoka mbali. Mwari anapoingizwa ndani hupewa somo. Somo ni mtu wa kuambiwa mambo ya mwili. Unamwambia usiyoweza kumwambia mama yako aliyekuzaa, na yeye haendi kuyasema barazani, wala hakuulizi ushahidi. Mimi somo yangu alifariki nikiwa na miaka arobaini na mbili, na mpaka mwezi wa mwisho wa maisha yake nilikuwa namwendea. Askari tunampa kamanda, tunampa mkuu wa kikosi, tunampa shehe au padri. Somo hatumpi.

Nimerudi kwa mwenzangu jana magharibi. Nilimkuta anaanua pweza kambani, nikamweleza yote haya, Ituri na Kampala na Marekani, na neno lile la guduria nikaliruka, sikuweza. Nikamwambia kwamba hospitali ya mkoa pale Lindi, Sokoine, kuna ofisi ya ustawi wa jamii na kuna wahudumu wa afya ya akili, na kwamba Jumatatu tutapanda gari la alfajiri hadi Mnazi Mmoja, halafu Lindi mjini. Aliikunja kamba polepole. Akauliza kama atalazimika kuitaja kambi. Nikamwambia hatalazimika, na kwamba nitaingia naye ndani, nikae kiti cha pembeni yake.

Akauliza gari linapita saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja. Akasema basi atakuwa barabarani saa kumi na nusu, viatu vyake viko tayari siku zote.